Sebastián Abreu: timu 31, nchi 11, na penalti iliyotulaza na huzuni mwaka 2010

Mwana wa Tandika (mwanzisha uzi)

Wakuu, salaam.

Uzi huu ninao kichwani tangu usiku wa Ijumaa, tarehe 2 Julai 2010. Leo nimeamua kuuandika, nisije nikafa nao.

Usiku ule nilikuwa kwenye kibanda umiza hapa mtaani. Kiingilio shilingi 500, tumebanana kwenye mabenchi, wengine wamekalia makreti ya soda. Ghana na Uruguay, robo fainali ya Kombe la Dunia, uwanja wa Soccer City, Johannesburg. Kwa saa zetu mpira ulianza saa tatu na nusu usiku. Muntari alipopiga lile shuti la mbali dakika za mwisho za kipindi cha kwanza likazama, mzee aliyekaa mbele yangu alivua kofia akairusha juu, na mpaka tunatoka haikuonekana. Kipindi cha pili Forlán akasawazisha kwa friikiki. Yaliyofuata mnayajua: dakika ya 120, Suárez akauzuia mpira kwa mikono kwenye mstari wa goli, akala nyekundu, Gyan akaenda kupiga penalti, mpira ukagonga mtambaapanya ukapaa.

Tukaenda kwenye matuta. Gyan huyohuyo akaanza kwa upande wetu, akafunga. Appiah akafunga. Mensah akakosa. Maxi Pereira wa Uruguay akapaisha, tukaamka tena. Adiyiah akakosa. Uruguay wana 3, sisi 2. Akaja jamaa mrefu, nywele ndefu, jezi namba 13. Akakimbia kama anayetaka kupasua nyavu, halafu akaudokoa mpira chini kidogo, ukaenda taratibu katikati ya goli kama mtu anayemrushia mtoto chungwa. Kipa wetu Kingson alikuwa ameshalala upande. 4-2, mchezo umekwisha.

Pale kibandani hakuna aliyesema neno. Kilichosikika ni jenereta peke yake.

Nilimchukia mtu yule, na nasema kweli. Suárez nilimwelewa, alifanya ambalo mchezaji yeyote aliyebanwa angelifanya. Lakini huyu wa namba 13 nilihisi ametudharau. Bara zima limesimama, Ghana inataka kuwa timu ya kwanza ya Afrika kufika nusu fainali, wewe unapiga penalti kama uko mazoezini! Nikaanza kumfuatilia nijue ni nani hasa. Nimemfuatilia tangu siku ile, na huyu ndiye ninayetaka kuwasimulia.

Anaitwa Washington Sebastián Abreu. Kwao wanamwita El Loco, yaani Kichaa. Natiririka, nipeni nafasi.

---

Mpwani

Nimeweka kambi hapa. Mimi usiku ule nilikuwa Likoni, wallahi tulitoka hatuna sauti. Kuna kijana alilia mpaka akabebwa. Tiririka ndugu yangu.

---

Mwana wa Tandika

Alizaliwa tarehe 17 Oktoba 1976 katika mji wa Minas, kama kilomita 120 kutoka Montevideo. Shikeni huo mwaka. Miezi minne kabla, Juni 1976, kule Belgrade, Antonín Panenka wa Czechoslovakia alikuwa amempigia Sepp Maier wa Ujerumani Magharibi penalti ya kudokoa katikati, kwenye fainali ya Ulaya. Penalti zote za namna hiyo zinaitwa panenka mpaka leo. Penalti na mtoto vimekuja duniani mwaka mmoja.

Uruguay ni nchi ya watu kama milioni tatu na nusu. Sensa yetu ya 2022 iliikuta Dar es Salaam peke yake na zaidi ya milioni tano. Sasa nchi ndogo hivyo imechukua Kombe la Dunia mara mbili, 1930 na 1950, na ligi yake haina fedha za kumshika mchezaji mzuri. Kijana akishapata jina, anauzwa. Klabu inaishi kwa kuuza. Ukizaliwa na kipaji Uruguay, begi la safari linakusubiri mlangoni.

Abreu alianzia Defensor Sporting ya Montevideo katikati ya miaka ya tisini. Mrefu, zaidi ya mita 1.90, anatumia mguu wa kushoto, na kichwa chake ni hatari kwenye krosi na kona. Akavuka mto kwenda San Lorenzo ya Buenos Aires. Mwanzoni mwa 1998, Deportivo La Coruña ya Hispania wakamnunua.

Hapo ndipo safari ilipoanza kweli. Deportivo walikuwa matajiri wakati ule, wanasajili mastaa kila dirisha, na kijana wa miaka 21 hakupata nafasi ya kutulia. Wakawa wanamtoa kwa mkopo: Grêmio ya Brazil, Tecos ya Meksiko, San Lorenzo tena, Nacional ya kwao Uruguay. Mwaka 2000 Deportivo walichukua ubingwa wa Hispania, ubingwa pekee katika historia yao yote. Mchezaji wao Abreu alikuwa ng'ambo ya bahari, anacheza Meksiko.

---

Kalamu Nyekundu

Mkuu, unasimulia vizuri, lakini mimi nina hoja. Timu 31 si sifa. Mchezaji mzuri timu yake haimwachii. Ukiona mtu anahama kila baada ya miezi sita, ujue wamemjaribu wakamwona hafai, au ana tabia mbovu. Tunao wa namna hiyo hata hapa kwetu, kila dirisha dogo wanatambulishwa na jezi mpya.

---

Mwana wa Tandika

Kalamu, hata mimi niliwaza hivyohivyo miaka mingi. Ngoja nikueleze kilichonibadilisha.

Tazama kalenda ya ligi alizocheza. Meksiko tangu 1996 wanaugawa mwaka vipande viwili, na kila kipande kina bingwa wake. Argentina nao walikuwa na utaratibu huo, Apertura na Clausura, kila moja na kombe lake. Yaani kule miezi sita ni ligi nzima: inaanza, inachezwa, inapata bingwa, inafungwa. Mkataba wa miezi sita, ambao kwetu unanuka shida, kule ni mkataba wa mashindano kamili. Klabu ikiona hatari ya kushuka, au ikiona ubingwa uko karibu, inatafuta straika wa kufunga sasa hivi. Haina muda wa kumngoja mtu azoee mazingira.

Na aina ya mpira wake ilifaa kazi hiyo. Kuna washambuliaji wanaohitaji timu iwajue: wanataka pasi ya aina fulani, kiungo fulani, mwaka mzima wa kuzoeana. Abreu alihitaji mtu mmoja tu wa kupiga majalo. Mpe krosi nzuri, atakwenda juu, mabeki watamng'ang'ania, mpira utafika kimiani. Kazi hiyo ni ileile iwe Mexico City, Jerusalem au Thessaloniki.

Halafu angalia alichokifanya alipofika. Cruz Azul, kipande cha mwaka 2002 kilichoitwa Verano: mfungaji bora wa Meksiko, mabao 19. Ni mashindano ya miezi michache, Kalamu, mabao 19! Mtu ambaye hafai hawezi kufanya hivyo. Baada ya hapo klabu za Meksiko zikawa zinamgombania: América, Dorados, Monterrey, San Luis, Tigres. Nchi moja, klabu saba ukihesabu na Tecos.

Suala la tabia, siwezi kusema alikuwa malaika. Lakini angalia waliomrudisha. San Lorenzo walimchukua tena. River Plate walimpeleka Beitar Jerusalem kwa muda mfupi akarudi. Nacional, ambayo ndiyo timu anayoishabikia tangu utotoni, alirudi na kurudi. Mtu mwenye tabia mbovu hafunguliwi mlango mara zote hizo.

---

Dada wa Ilala

Hapo kwenye kalenda umenifungua macho, kaka. Mimi nilidhani ni tamaa ya fedha za usajili. Swali langu: huko kote alikopita, alicheza na watu gani tunaowajua?

---

Mwana wa Tandika

Dada, hapo umegusa sehemu ninayoipenda.

Mwaka 2006 alikuwa Dorados, timu ya Culiacán, jimbo la Sinaloa. Timu ndogo, inapigania kubaki daraja la kwanza. Kocha ni Juan Manuel Lillo, Mhispania. Januari wakasajili kiungo wa miaka 35 aliyekuwa anamalizia mpira wake: Pep Guardiola. Ndiyo, huyuhuyu. Alikwenda Culiacán kumfuata Lillo ili ajifunze ukocha. Kwa hiyo Guardiola, katika miezi yake ya mwisho kama mchezaji, alikuwa anampelekea mipira Kichaa. Mabao Abreu alifunga, lakini hayakutosha, Dorados wakashuka daraja. Miaka miwili baadaye mmoja wao alikuwa kocha wa Barcelona, na mwingine yuko Buenos Aires na River Plate.

Ile River ya Clausura 2008 iangalieni vizuri. Kocha Diego Simeone. Mbele kuna Radamel Falcao, Alexis Sánchez, mkongwe Ariel Ortega, kijana mdogo wa kimo Buonanotte, na Abreu. Wakawa mabingwa wa Argentina. Ningependa kuyaona mazoezi yao hata siku moja.

Baada ya River na Israeli akaenda Real Sociedad, wakati huo wako daraja la pili Hispania, kisha Aris ya Ugiriki. Hapo sina mengi ya kusema, alipita tu.

---

Golikipa Mstaafu

Habari za jioni wakuu. Mimi nimekaa golini miaka kumi na mbili, ligi za mkoa na daraja la kwanza, sasa nafundisha watoto. Naomba niongee kuhusu ile penalti, maana watu wengi wanadhani ni kichaa kweli au ni dharau.

Goli lina upana wa mita 7.32, mpigaji yuko mita 11. Mpira uliopigwa kwa nguvu unafika kwa muda wa kama nusu sekunde. Kipa akisubiri auone mpira ndipo aruke, ameshachelewa. Kwa hiyo wengi wetu tunachagua upande, tunaruka mguu wa mpigaji unapogusa mpira au kabla kidogo. Tunafahamu fika kwamba katikati tumepaacha wazi. Lakini kipa aliyesimama katikati mpira ukipita pembeni anaonekana mzembe, uwanja mzima unamlaumu. Aliyeruka upande usio wake wanamwonea huruma. Basi tunaruka.

Na mechi ikiwa kubwa, unaruka mapema zaidi, mwili wenyewe hauna subira. Mpiga panenka hachezi na mpira, anacheza na ile hofu yako ya kuonekana umesimama. Kingson simlaumu hata chembe. Ningekuwa mimi ningeshalala tangu jamaa anaanza kukimbia, kwa jinsi alivyokuwa anakuja na kasi.

Ile kasi ya kukimbia ndiyo siri. Angekuja anatembea, Kingson angeshtuka.

---

Mwana wa Tandika

Golikipa, ahsante sana, na umenipa njia ya kuendelea. Maana ile ya Johannesburg haikuwa ya kwanza mwaka ule.

Januari 2010 alijiunga na Botafogo ya Rio de Janeiro. Botafogo walikuwa na kidonda: fainali za ubingwa wa jimbo, miaka mitatu mfululizo, 2007, 2008 na 2009, zote walizipoteza kwa Flamengo, watani wao. Mashabiki walikuwa wamefika mahali hawataki tena kusikia neno fainali.

Tarehe 18 Aprili 2010, Maracanã, Botafogo na Flamengo tena. Matokeo 1-1, Botafogo wanapata penalti, mpigaji Abreu. Golini yuko Bruno, kipa aliyekuwa na sifa ya kudaka penalti. Abreu akakimbia kwa kasi, akaudokoa katikati. Bruno ameshakwenda upande. Mpira ukapanda juu kuliko alivyotaka, ukagonga mtambaapanya kwa chini, ukadondoka ndani. Pumzi za watu wa Botafogo zilikata na kurudi kwa wakati mmoja. Baadaye Flamengo nao wakapata penalti, Adriano akapiga, kipa Jefferson akaidaka. 2-1, Botafogo mabingwa.

Ile video nimeitazama mara nyingi kuliko nilivyotazama mabao ya timu yangu. Tazameni pale mpira unapogusa chuma. Ungepanda kidogo tu zaidi, Abreu angefukuzwa Rio siku ileile. Anajua hilo. Ameshaona mpira wake ukigonga mtambaapanya mbele ya uwanja uliojaa. Na wiki kumi na moja baadaye, Kombe la Dunia, anaamua kupiga vilevile.

Sasa Johannesburg. Aliingia dakika ya 76 kumpokea Cavani. Alikuwa na miaka 33. Nyuma yake ana klabu 17, Botafogo ikiwa ya 17. Ameshapiga penalti mbele ya Waargentina, Wameksiko, Wahispania, Wabrazili, kwenye viwanja vya watu wanaomzomea na vya wanaomshangilia. Tulipokuwa tunamwona pale kibandani, tulidhani tunaona mtu anacheza na msiba wetu. Ni fundi aliyetoa kifaa ambacho amekitumia miaka mingi, akakitumia siku inayokihitaji kuliko zote.

Na jambo jingine nililikuja kuligundua baadaye. Angekosa, Ghana walikuwa bado na penalti moja mkononi, wangesawazisha 3-3. Kingson angesimama tu pale alipo, angeudaka mpira kama wa danadana. Huyo mtu aliweka jina lake lote pale.

Siku hizi sina chuki naye. Uchungu ninao, huo hautoki. Lakini chuki imekwisha.

---

Mpwani

Mimi uchungu ninao na chuki kidogo pia ninayo, nisamehe. Morocco walipofika nusu fainali Qatar 2022 nilifurahi sana, ila moyoni nikasema hii ilikuwa ya Ghana, 2010, kwenye ardhi yetu wenyewe. Kombe la kwanza Afrika! Jambo hilo halirudi.

Lakini kweli nimekubali, mtu huyu alikuwa na moyo. Nauliza, bila yeye Uruguay wangefika Afrika Kusini?

---

Mwana wa Tandika

Mpwani, nashukuru umeuliza. Uruguay walifuzu kwa mlango wa nyuma, mechi za mchujo dhidi ya Kosta Rika, Novemba 2009. Kule San José walishinda 1-0, bao la nahodha Lugano. Marudiano Montevideo, tarehe 18 Novemba, bao la Uruguay alifunga Abreu, kwenye dakika ya 70. Kosta Rika wakasawazisha na mwisho wakawa wanashambulia, Wauruguay wametoka jasho la damu. Ikaisha 1-1. Bila lile bao, huenda hatungemjua kabisa, na Ghana wangekutana na mtu mwingine.

Timu ya taifa ameichezea mechi 70 na kufunga mabao 26. Alikuwemo pia kwenye kikosi cha 2002, kilichotoka sare ya 3-3 na Senegal baada ya kutanguliwa 3-0. Na 2011 alikuwemo Uruguay walipochukua Copa América, kombe la mataifa ya Amerika Kusini, Buenos Aires.

---

Kalamu Nyekundu

Nimesoma yote. Pale kwenye miezi sita umenishinda, nakubali. Lakini baada ya Botafogo? Alikuwa na miaka 35, 36. Kwa nini hakustaafu kwa heshima? Hizo klabu nyingine 14 zilikuwa za nini?

---

Mwana wa Tandika

Hilo ni swali la haki. Orodha yenyewe: Figueirense ya Brazil, Rosario Central ya Argentina, Aucas ya Ekuador, Sol de América ya Paraguay, Santa Tecla ya El Salvador, Bangu ya Rio, Central Español ya kwao, Puerto Montt kusini mwa Chile. Desemba 2017 Audax Italiano ya Santiago wakamsajili. Hiyo ikawa klabu yake ya 26, na Guinness wakamwandika: amempita Lutz Pfannenstiel, kipa wa Kijerumani aliyechezea 25. (Pfannenstiel ana rekodi yake nyingine, amecheza katika mashirikisho yote sita ya FIFA, na huku Afrika alipita Orlando Pirates. Abreu hakuwahi kucheza klabu Afrika. Alikuja na timu ya taifa 2010, na mnajua alifanya nini.)

Baada ya Audax: Magallanes, Rio Branco, Boston River, Athletic ya Minas Gerais, Sud América. Akatundika daluga Juni 2021, akiwa na miaka 44. Klabu 31, nchi 11.

Ile rekodi aliijua, na sioni vibaya kuitafuta. Lakini rekodi haiwezi kumtoa mtu kitandani asubuhi Puerto Montt, mvua inanyesha, baridi, magoti yana miaka arobaini, mbele ya mashabiki wachache. Kuna watu kazi yao ndiyo mwili wao. Mvuvi wa Feri ana miaka 60 na bado anaingia baharini usiku, na hakuna anayemuuliza kwa nini hastaafu kwa heshima.

Na kule Boston River alikuwa pia kocha. Alikuwa anajifunza kazi ya pili akiwa bado na viatu vya kazi ya kwanza mguuni. Ameshafundisha nchi kadhaa, na mwaka 2025 alichukua Tijuana, Meksiko. Safari inaendelea, ila sasa anakaa kwenye benchi.

---

Dada wa Ilala

Kaka, umenifanya nimtafute mtandaoni. Nimetazama ile ya Bruno mara tatu. Kwenye ya tatu nikasitisha mpira ukiwa unagusa chuma. Moyo ulinidunda wakati matokeo nayajua!

---

Golikipa Mstaafu

Dada, na mimi nimeitazama sasa hivi. Angalieni mguu wa kushoto kwenye zote mbili, ya Maracanã na ya Johannesburg. Ya kwanza ameingia chini sana ya mpira, ndiyo maana umepanda. Ya pili ameurekebisha, mpira umekaa chini ya mtambaapanya kwa nafasi nzuri. Alijifunza ndani ya wiki kumi na moja.

Kesho asubuhi nina vijana wa chini ya miaka 15. Nitakuja na simu, tukimaliza mazoezi nitawaweka chini ya mwembe niwaonyeshe zote mbili, makipa wakae mbele.